Gauni Rangi ya Maji ya Kabichi

Lile gauni lilikuwa parashuti kwa muda wa dakika moja, labda na nusu. Baada ya hapo limekuwa gauni kwa miaka arobaini na saba, na Mama Adolphine hukasirika mtu akilitambulisha kwa kazi yake ya kwanza. "Hata mi nilizaliwa mutoto muchanga," husema. "Mbona hakuna anayeniita muchanga?"

Rangi yake ni ya maji yaliyochemshiwa kabichi. Kitambaa kilishuka kutoka angani kikiwa kijani cha kijeshi, na marehemu mama yake Adolphine alikichemsha siku tatu kwa majivu na sabuni ya kipande akitafuta nyeupe. Nyeupe haikupatikana. Ndiyo maana mpaka leo, ukiona bibi harusi anaingia kanisani Kolwezi amevaa kama mboga iliyopitiliza jikoni, ujue ametoka Avenyu Mapera. Watani wa mitaa mingine humwita Madame Kabichi. Hakuna aliyekataa kulivaa kwa sababu hiyo. Mpaka mwaka jana walikuwa wamelivaa thelathini na mmoja.

Kwa kila bibi harusi Adolphine hulifumua na kulishona upya, kwa kuwa wanawake wa Avenyu Mapera hawakutoka kwenye kalibu moja. Bibi harusi naye, akilirudisha, hukaa kwenye kigoda kando ya cherehani na kushona kwa mkono wake mzunguko mmoja wa uzi kwenye pindo, rangi aitakayo. Pindo hilo Adolphine hulisoma kwa vidole kama wengine wanavyosoma rozari. Uzi mweupe ni wake mwenyewe, wa kwanza. Mwekundu ni wa Laurentine, aliyekwenda Sandoa akafungua duka na hakurudi hata kusalimia. Mweusi ni wa Mwadi, ambaye alisema amekosa rangi nyingine, lakini waliomfahamu mumewe walielewa.

Jambo moja tu huwashangaza wageni: gauni halina mkia. Nyuma linaishia ghafla kwenye visigino, kama hotuba iliyokatiwa umeme. Mtu akiuliza, Adolphine hujibu kwamba kitambaa hakikutosha. Si uongo.

Jumanne moja ya Oktoba mwaka jana, bibi harusi wa thelathini na mbili alikuwa amesimama juu ya kigoda uani, amejaa pini. Alikuwa Jémima, mjukuu wa Adolphine, na ndoa yake ilikuwa Jumamosi. Hapo ndipo Sadrack alipoingia.

Sadrack ni mtoto wa avenyu hiyo hiyo, aliyepata kazi kwenye shirika moja la misaada. Kazi hiyo ilimpa kizibao chenye mifuko kumi na mmoja, na mpaka leo hakuna aliyewahi kuuona hata mmoja ukitoa kitu.

"Mama Adolphine, ça va?"

"Ça va, mutoto wangu," akajibu, kwa kuwa Kifaransa cha Kolwezi kina neno moja tu kwa hujambo na sijambo. "Ingia. Jémima, usigeuke, utachomwa."

"Rapport imekuya." Akatoa simu, akasoma ripoti ya shirika kwa sauti ya padri: "Jamii ya Avenyu Mapera ni imara, ina mshikamano, na inajimudu. Hakuna hali ya dharura."

Adolphine akatabasamu na pini mdomoni. Kwa muda mrefu hakuna mtu wa ofisi aliyeisifu avenyu yake.

"Basi ni vizuri."

"Haiko vizuri, mama. Ni kusema hakuna bâche."

Tabasamu likaondoka. Bâche ni yale maturubai ya plastiki yanayotolewa watu wakipoteza nyumba, na Avenyu Mapera ilikuwa imepoteza nyumba tisa. Hazikuchomwa wala kubomolewa. Wenyewe walikuwa wamegundua kwamba chini ya vitanda vyao kuna kobalti, wakaanza kuchimba chumbani, kisha sebuleni, jirani akakutana na jirani chini ya ardhi na kusalimiana, na mwezi wa Julai, alasiri moja tulivu, nyumba tisa zilikaa chini kama watu waliochoka kusimama. Hakuna aliyekufa, kwa kuwa wote walikuwa kwenye mechi. Sasa familia hizo tisa zinalala kwenye ukumbi wa parokia. Ukumbi wenyewe upepo ulikwishaung'oa mabati upande mmoja, kwa hiyo nusu ya watu wanalala chini ya paa na nusu chini ya mbingu. Mvua kubwa ilikuwa njiani. Mawingu yalikuwa yakipita kila siku kukagua.

"Sasa banasema tunajimudu na nini?" Adolphine akauliza.

"Na kuku, mama. Uliwapikia kuku."

Wakaguzi walipokuja mwezi wa Septemba, vijana watatu wenye kompyuta ndogo, ni yeye aliyepanga mapokezi. Aliazima viti vya kwaya. Alimvua Mwadi, naye wa zile nyumba tisa, kitambaa cha meza. Watu wa nyumba tisa walioga, wakavaa vikwembe, vitenge vyao vya Pasaka, wakakaa kwa mstari chini ya upande wenye mabati. Kila mgeni alipewa soda na paja la kuku. Kisha maswali yakaanza. Mnakula mara ngapi kwa siku? Nani mwenye akili zake atajibu "mara moja" huku mgeni ana paja mkononi? Mnalala vizuri? Tunalala vizuri, aksanti, na nyinyi? Watoto wana afya? Mungu ni mwema. Wakaguzi waliandika yote na kuondoka wameshiba.

"Nilikwambia muwaonyeshe fasi munalala," Sadrack akasema.

"Mugeni haonyeshwi fasi ya kulala, Sadrack. Mama yako hakukufundisha? Na huyo mama yako, usisahau, aliolewa mu gauni hii, na tulimupanua kiuno mara mbili juu yako. Ulikuwa kwenye ndoa mbele ya bageni wote."

Jémima alicheka mpaka pini ikamchoma.

Sadrack hakucheka. Akaeleza kwamba kuna nafasi moja. Madame Agnès, anayetia saini ya kutoa maturubai, atapita Kolwezi Jumamosi kwa saa mbili, kati ya ndege na ndege, akielekea kwenye kongamano kubwa la kujadili ni wajibu wa nani kwenda kuwaokoa watu wa nchi maskini wanapopatwa na balaa.

"Bado hawajaamua?"

"Bado, mama. Wanajadili tangu zamani."

"Na chakula cha kongamano? Hicho waliamua?"

"Mama, sikiliza. Jumamosi atakuja kwenye ukumbi. Na Jumamosi mna ndoa kwenye ukumbi huo huo. Musogeze ndoa mbele juma moja tu."

Jémima akajibu kutoka juu ya kigoda. "Kaka Sadrack, Gael mchumba wangu amesogeza ndoa mara mbili. Mara ya kwanza shimo lilimuangukia kule kwenye mgodi wa Mutoshi. Mara ya pili alisema shimo limemuangukia. Ya tatu mi siikubali."

Sadrack akakuna kichwa, akamgeukia Adolphine. "Basi mama, nakuomba kitu kimoja. Akikuuliza ça va, usiseme ça va."

Mkono wa Adolphine ukasimama na pini hewani.

"Mutu anasema nini sasa?"

"Ukweli."

Sadrack alipoondoka, Adolphine alimaliza kiuno cha Jémima, akamwachia aende zake, akabaki peke yake na gauni mapajani. Vidole vilikwenda vyenyewe mpaka pale nyuma, kwenye visigino, mahali kitambaa kinapoishia.

Mwaka 1978 alikuwa na miaka kumi na saba. Kolwezi ya wakati huo anaikumbuka kwa masikio zaidi: king'ora cha kampuni ya madini kinachoamsha baba, kinachorudisha baba, kinachowaambia akina mama waweke maji ya bukari, ugali wa kwao, motoni. Hakuna aliyehitaji saa. Hata jogoo wa Avenyu Mapera waliwika kwa king'ora. Jumapili kulikuwa na misa, halafu mpira, halafu sinema ya bure ukutani, na Mulumba, kaka yake mkubwa, alimbeba begani mpaka alipokuwa mkubwa mno na watu wakaanza kucheka. Mulumba alikuwa fundi umeme wa mwaka wa kwanza. Alipiga mluzi kila alipotembea, kwa hiyo nyumbani walijua anakuja kabla mbwa hawajajua.

Kisha mwezi wa Mei vita viliingia mjini na king'ora kikanyamaza. Siku ya nne ya kujifungia, Mulumba alitoka kutafuta maji akarudi na ndoo tupu na risasi pajani. Mama akamfunga na kikwembe, akamlaza nyuma ya pazia. Siku mbili baadaye anga likajaa miavuli.

Ni askari wa mbali. Walikuwa wamekuja kuwatoa Wazungu wa majumba ya juu, na waliwatoa wengi, hakuna anayewanyima hilo. Avenyu Mapera haikuwa kwenye karatasi yao. Lakini doria ilipita, na mmoja wao, kijana mwekundu kwa jua, akasimama mlangoni, akamtazama mama, akamtazama Adolphine, akauliza:

"Ça va?"

Na hakuondoka. Hilo ndilo Adolphine hajalisahau. Alisimama kama mtu anayengoja jibu, labda dakika nzima. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kilemba chake safi, ameziba pazia kwa mgongo. Mgeni alikuwa kizingitini, nyumba ilikuwa haijafagiliwa, chai haikuwapo. Mama akatabasamu kwa aibu ya mwenye nyumba.

"Ça va, monsieur," akasema. Akamsogezea na kiti.

Askari akampa Adolphine biskuti ngumu kama kigae, akaenda zake. Kulikuwa na daktari wao kwenye shule, mitaa mitatu tu kutoka pale. Hilo walilijua baada ya mazishi.

Siku iliyofuata ile ya askari, kijana aitwaye Kabemba alikuja na beseni kichwani limefunikwa sombe, majani ya muhogo, na chini ya sombe kulikuwa na parashuti nzima aliyoiokota kwenye manyasi. Vijana wengine walikuwa wakitongoza kwa sabuni na mikate. Mama hakuwa na nguvu hata ya kumfukuza. Mulumba alifariki usiku huo, na maduka yote yalikuwa yamefungwa, kwa hiyo mama akachukua mkasi, akakata mita mbili za kile kitambaa kipya, akamvika mwanawe kuwa sanda. Kilichobaki, mwaka uliofuata, ndicho alichokichemsha siku tatu, Adolphine alipoolewa na Kabemba.

Mama hakuzungumzia siku ile tena, isipokuwa mara moja, ameinamia cherehani, hata hakuinua uso. "Aliuliza, Adolphine. Yeye aliuliza."

Kwa miaka arobaini na saba Adolphine amewasikia wanaume wakibishana kwenye viti vya baa: nani alikuja kwa ajili ya nani, nani alikuwa na haki ya kuingia, nani alipaswa kuja mapema, nani hakupaswa kuja kabisa. Kabemba mwenyewe, Mungu amrehemu, alibishania hilo mpaka mwaka wa mwisho wa uhai wake, na kila mwaka upande wake ulibadilika kulingana na nani anayenunua. Adolphine hakuwahi kuingia kwenye mabishano hayo. Yeye alibaki na lile swali dogo la mlangoni na mama aliyesogeza kiti.

Na mwezi wa Septemba, mbele ya vijana watatu wenye kompyuta, naye alikuwa amesogeza kiti.

Jumamosi ikafika. Misa ilikwisha saa tano, na ukumbi wa parokia ulikuwa umepambika mpaka mtu angesahau kwamba watu hulala humo. Magodoro ya familia tisa, sufuria, ndoo na mikeka, vyote vilikuwa vimesukumwa upande usio na mabati, na mbele yake akina mama walikuwa wametundika pazia la vikwembe vilivyounganishwa, lililofungwa maputo kama harusi ya tajiri. Watu wa nyumba tisa ndio waliokuwa wamependeza kuliko wote. Mtu asiye na nyumba hana pa kuweka nguo nzuri isipokuwa mwilini. Gael alikaa kama mshtakiwa. Jémima alizunguka katika gauni lake la kabichi, na wazee walihesabu nyuzi za pindo na kukumbushana majina.

Madame Agnès alishuka kwenye gari saa saba. Alikuwa Mkongo wa Kalemie aliyekulia Ubelgiji, na Kiswahili chake kilikuwa kimewekwa kwenye jokofu tangu utoto. Kabla hajafungua daftari alikwishashikwa mikono miwili, akakalishwa meza kuu karibu na padri, akawekewa bukari, sombe na kuku.

Sadrack alikuwa akitokwa jasho kupitia mifuko yote kumi na mmoja.

"Sadrack," Madame Agnès akamwambia kwa sauti ndogo, "hizi familia tisa ziko wapi?"

"Ni hawa, madame."

"Hawa wanaocheza?"

"Hawa wanaocheza."

Akawatazama. Mwadi alipita mbele yake akitikisa mabega. Madame Agnès alikula kidogo kwa adabu, akatazama saa, akafunga daftari ambalo hata hakuwa ameandika kitu ndani yake. Akawaaga wazee mmoja mmoja. Njiani kwenda mlangoni akampita Adolphine, akamshika mkono, akasema kama watu wote wanavyosema:

"Mama, ça va?"

Mguu wake mmoja ulikuwa umekwishaelekea nje.

Adolphine akahisi tabasamu likipanda usoni, na akalijua. Halikuwa lake. Lilikuwa la mama yake, na kilemba chake, mlangoni. Neno lilikuwa tayari ulimini, limelainika kwa matumizi ya miaka yote hiyo. Akalimeza, na kulimeza kulikuwa kama kumeza ile biskuti.

"Hapana," akasema.

Mwadi, aliyekuwa karibu, akacheka akidhani ni utani.

"Haiendi, mama. Haiendi hata kidogo. Kuya uone fasi tunalala."

Akamshika Madame Agnès kiwiko, akavuka naye katikati ya wachezaji mpaka mwisho wa ukumbi, akashika pazia kwa mikono miwili, akalivuta. Maputo yalipasuka mfululizo, padri akainama chini ya meza. Nyuma ya pazia kulikuwa na magodoro yaliyorundikwa, sufuria zimebeba sufuria, kitabu cha shule kimefunguliwa juu ya ndoo, na mtoto wa miezi minne amelala kwenye karai, ametundikiwa mwavuli. Juu yao palikuwa na wingu jeusi, kubwa, limeegesha.

Muziki ukaishiwa nguvu wenyewe.

"Mama Adolphine," Mwadi akanong'ona, mikono usoni, "unatuvua nguo mbele ya mugeni."

"Nimeisha kuwavua. Mutavaa kesho."

Madame Agnès alitazama karai, akatazama wingu. "Rapport ilisema muko muzuri. Kwa nini hamukusema?"

"Batu bako waliuliza wakikula kuku." Sauti ya Adolphine ilikuwa imekwishaanza safari. "Sikiliza, mama. Weye unaenda kujadili nani akuje. Mi sina diplome. Akuje ule mwenye anaweza. Lakini asiulize na mguu mumoja mu gari. Akuje, aikale chini, kuku iishe, halafu aulize mara ya pili. Mara ya kwanza inajibu heshima. Mara ya pili ndipo anajibu mutu."

Dereva alichungulia mlangoni akionyesha saa yake. Madame Agnès hakumtazama. Aliteremsha godoro moja kutoka kwenye rundo, akakaa juu yake na suruali yake nzuri, akampigia Adolphine godoro kofi dogo, kama mtu anayemkaribisha mwenzake kwake.

"Sawa," akasema. "Ça va, mama?"

Adolphine akakaa. Aliwaza kuanza na nyumba tisa, lakini kilichotoka kilikuwa mluzi wa Mulumba, na ndoo tupu, na kijana mwekundu mlangoni aliyengoja dakika nzima. Alisimulia mpaka kwenye mita mbili. Jémima alikuwa amesimama pale palipokuwa na pazia. Alikuwa amelijua gauni lile maisha yake yote. Akashika upande wa nyuma, pale kwenye visigino, akauvuta mbele, akautazama kwa muda mrefu.

Ndege iliondoka bila Madame Agnès. Alipanda nyingine Jumapili, na inasemekana kwenye kongamano alichelewa kikao cha ufunguzi, kile cha hotuba, kwa hiyo hakupoteza kitu. Kama hatimaye waliamua ni wajibu wa nani, habari hizo hazijafika Avenyu Mapera.

Maturubai yalifika Jumatano. Nembo ya shirika ilichapwa kubwa kiasi kwamba ukumbi sasa unaonekana kama tangazo kwa ndege zote zinazotua. Gael na wachimbaji wenzake waliyafunga vizuri juu ya upande wa mbingu, wakijivuna kwamba kwa mara ya kwanza wamefanya kazi ya kupanda badala ya kushuka. Mvua ilinyesha Alhamisi kuanzia saa nane mchana. Lilivuja tundu moja, juu ya godoro la Mwadi, na Mwadi akasema alilitegemea.

Jumapili iliyofuata Jémima alirudisha gauni. Akakaa kwenye kigoda, akachagua uzi wa rangi ya machungwa, akashona mzunguko wake bila haraka. Alipofika nyuma akasimama.

"Bibi, huyu Mulumba alipenda rangi gani?"

Adolphine alilazimika kufikiri. Hakuna aliyekuwa amemuuliza chochote kuhusu Mulumba kwa miaka mingi sana, na jibu lilikuwa chini kabisa. "Buluu," akasema mwishowe. "Alikuwa na shati ya buluu ya kazi. Alikataa kuivua hata Jumapili. Mama alikuwa anaifua naye yuko ndani."

Jémima akatafuta kwenye kopo la nyuzi mpaka akapata buluu, akamkabidhi bibi yake sindano. Adolphine alishona mstari mfupi tu, pale mkia unapokosekana, na macho yake hayakuwa na msaada wowote kwa hiyo alishona kwa vidole. Mstari ulipinda. Akauacha umepinda.

Mwadi akapita nje ya ua na godoro lake kichwani, akienda kulianika.

"Mama Adolphine, ça va?"

Adolphine alikata uzi kwa meno.

"Uliza tena," akasema.